Kipimo cha Kuyeyuka na Kuganda Kinapogoma: Dalili, Sababu na la Kufanya

Ukipima kiwango cha kuyeyuka, andika namba mbili: joto ulipoona umajimaji wa kwanza ndani ya kapilari (kile kijibomba chembamba cha kioo chenye sampuli), na joto punje ya mwisho ilipopotea. Wengi huandika moja, halafu wanakuja na daftari wakiuliza kwa nini asidi benzoiki yao imeyeyuka kwenye 117 wakati kitabu kinasema 122.4. Kwa namba moja sina la kukujibu. Kama ilianza 112 ikamaliza 117, kemikali yako ina tatizo. Kama ilianza 116.5 ikamaliza 117, kemikali ni safi na mwenye kesi ni kipimajoto, au mkono wa aliyeshika moto. Karibu kila jibu lililo hapa chini linaanzia kwenye pengo hilo.

Nimeandika nikiwafikiria wanaofanya kazi hii huku Tanga, kwenye maabara za shule na karakana ndogo za sabuni na mishumaa, wenye kapilari, mafuta, taa ya spiriti, kipimajoto cha zebaki, na wakibahatika mashine ya umeme yenye lenzi. Vitabu tunavyosomea vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakisema "joto la chumba" wana maana ya nyuzi 20 hadi 25. Letu, mwezi wa pili saa nane mchana, ni 32 na feni inazunguka. Wakisema "acha ikauke mezani", kwao inakauka. Kwetu inaweza kulowa zaidi ya ulivyoiacha.

Inaanza kuyeyuka mapema, kisha inajikokota

Hii ndiyo inayosumbua watu kuliko zote. Kemikali safi huyeyuka ndani ya nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Pengo la nyuzi mbili kwa kazi ya shule tunalivumilia. Likizidi tatu, kuna kitu ndani ambacho hakikualikwa.

Anza na unyevu, kwa sababu ndio wa bei nafuu kuuchunguza na hapa pwani ndio wenye hatia mara nyingi. Chukua urea, ile ile mbolea ya dukani. Mimina kijiko kimoja kwenye kisahani cha kioo, kiache mezani usiku kucha na madirisha wazi, msimu wa masika. Asubuhi utakuta chembe zinang'aa kama zimepakwa mafuta, zimeshikana, na ukizisukuma kwa kijiti zinaacha mstari wa maji kwenye kioo. Sababu yake inajulikana: kwenye nyuzi 30, urea huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 72, na hewa ya usiku ya Tanga hupita hapo bila taabu. Urea safi na kavu huyeyuka karibu na 133. Hiyo ya kwenye kisahani itaanza kulainika mapema sana, na utabaki unajiuliza uandike namba gani kama mwanzo.

La kufanya ni kukausha, ila kukausha nako kuna adabu yake. Oveni iwe chini kabisa ya kiwango cha kuyeyuka. Kwa urea nyuzi 60 zinatosha. Naftalini na kafuri usiviweke kwenye oveni hata siku moja, maana vitapaa hewani na kesho utafungua ukute kisahani kitupu na oveni inanuka kabati la bibi. Hivyo vikaushie ndani ya desiketa, yaani chombo cha kioo cha kukaushia chenye mfuniko wa kubana, yenye silika jeli. Kama desiketa haipo, kopo la kioo lenye mfuniko wa kubana linafaa, ukiweka chini vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti navyo vikaushe kwanza. Vimekaa dukani miezi na vimekwisha kunywa maji yote vinavyoweza, kwa hiyo toa punje zake, zipashe kwenye oveni kwenye nyuzi 120 saa mbili, ziache zipoe ndani ya kopo lililofungwa.

Ukishakausha, saga na ujaze kapilari papo hapo. Nimeona mtu amekausha sampuli vizuri kabisa, kisha akaenda kunywa chai ikiwa wazi kwenye kinu. Hiyo ni kazi bure.

Sasa pima tena. Pengo likipungua na namba zote mbili zikapanda, ilikuwa ni maji, kesi imekwisha. Zisipobadilika, umebaki na uchafu halisi, yaani kemikali nyingine imechanganyika na yako.

Uchafu unaoyeyuka pamoja na kemikali ndio unaoshusha kiwango. Uchafu usioyeyuka humo, kama mchanga, vumbi la kioo au nyuzi za pamba, unachafua macho tu. Utaona punje inaelea ndani ya kimiminiko na haitoki, lakini namba haishuki. Kwa hiyo punje moja nyeusi iliyobaki isikufanye usubiri hadi nyuzi 200 ukidhani sampuli haijamaliza kuyeyuka.

Uchafu unaoyeyuka hauhitaji kuwa mwingi. Weka nusu gramu ya salfa ndani ya gramu 10 za naftalini iliyoyeyuka, kiwango cha kuganda kitashuka kwa nyuzi 1.3 hivi. Jaribio hilo la salfa ni zuri kumfanyisha mwanafunzi, maana anaona kwa macho yake kuwa kipimo hiki kinanusa uchafu ambao jicho haliuoni.

Dawa ya uchafu ni kuchuja na kuunda fuwele upya. Asidi benzoiki ndiyo rahisi kuliko zote: maji yanayochemka hubeba zaidi ya gramu 50 kwa lita, maji ya nyuzi 25 hubeba gramu 3.4 tu. Yeyusha kwenye maji ya moto kidogo iwezekanavyo, chuja ikiwa moto, acha ipoe polepole. Hapa tena kitabu kinatudanganya kidogo, kwa kuwa "ipoe hadi joto la chumba" kwetu ni kuacha fuwele nyingi zaidi ndani ya maji. Ikishapoa mezani, iweke kwenye barafu dakika kumi, ndipo uchuje. Osha kwa maji ya barafu, si ya bomba yaliyopashwa na jua juu ya paa.

Na kama una shaka kwamba kemikali uliyonayo siyo iliyoandikwa kwenye chupa, changanya. Urea huyeyuka karibu na 133, asidi sinamiki nayo karibu na 133. Kila moja peke yake itakupa pengo dogo na namba ile ile, na huwezi kuzitofautisha kwa kipimajoto. Zisage pamoja nusu kwa nusu, na mchanganyiko utayeyuka chini sana, kwa pengo pana. Kwa hiyo saga sampuli yako na kidogo cha kemikali unayoiamini. Namba isiposhuka, ni kitu kimoja. Ikishuka, umebambikiwa.

Pengo ni dogo, lakini namba yenyewe siyo

Hapo kemikali iache, haina kosa. Anza na kasi ya moto. Pandisha haraka mpaka ubakize nyuzi 15 kufika kiwango unachokitarajia, kisha punguza mpaka joto lipande nyuzi moja hadi mbili kwa dakika. Ukikimbiza, joto la sampuli na joto la kipimajoto haviendi pamoja. Kwenye mashine ya umeme, bloku ya chuma inatangulia sampuli na namba inatoka juu mno. Kwenye mafuta na zebaki, kupotoka kunaweza kuwa upande wowote, kutegemea nani amechelewa zaidi. Kama hujui kiwango cha kutarajia, tumia kapilari mbili: moja ya kukimbiza ili ujue mtaa, ya pili ya kutafuta nyumba. Kapilari ya kwanza usiirudie ikishaganda, maana kemikali nyingi huwa zimeharibika kidogo au zimeganda kwa umbo jingine.

Kasi ikiwa sawa, kishtaki kipimajoto. Kipime kwenye vitu viwili: maji ya barafu na maji yanayochemka. Barafu isiwe ya kule soko la samaki Deep Sea, ambayo imekaa karibu na chumvi na magamba. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda na utaishia kukisingizia kipimajoto chenye haki. Gandisha maji yaliyokenekwa kwenye friji, ponda, ongeza maji hayo hayo kidogo, koroga, subiri. Lazima usome 0. Kwenye maji yanayochemka, Tanga mjini tuko usawa wa bahari, kwa hiyo usome 100 au pungufu kidogo kutegemea hali ya hewa. Ukipanda Lushoto, maji yale yale yatachemkia karibu na 95, na hapo wengi wanachanganya mambo. Kiwango cha kuchemka kinafuata mgandamizo wa hewa. Cha kuyeyuka hakijali, kwa vimo vya milima yetu tofauti yake haionekani kwenye kipimajoto chochote cha maabara. Mtu akikuambia asidi yake imeyeyuka vibaya kwa sababu ya ukanda wa bahari, muulize kwanza alikausha vipi.

Bora kuliko barafu na maji ni kuwa na akiba ya kemikali safi zinazojulikana: naftalini 80.2, asetanilaidi 114.3, asidi benzoiki 122.4. Zipime kwa kipimajoto chako, andika tofauti kwenye karatasi, ibandike ukutani karibu na meza. Kipimajoto kinachokosea nyuzi mbili kila siku bila kubadilika ni kipimajoto kizuri, ukishaijua tabia yake.

Kosa lingine hapo watu hulipita bila kulitazama. Vipimajoto vingi vya zebaki vimetengenezwa visome sawasawa uzi wa zebaki ukiwa umezama. Kwenye tyubu ya Thiele, lile bomba la kioo lenye mkono pembeni la kupashia mafuta, sehemu kubwa ya uzi wa zebaki iko nje ya mafuta, hewani, imepoa, kwa hiyo imesinyaa na inasoma chini. Marekebisho yake: zidisha 0.00016 kwa idadi ya nyuzi zilizo nje ya mafuta, kisha kwa tofauti kati ya joto unalosoma na joto la katikati ya sehemu iliyo nje. Tuseme kwa asidi benzoiki unasoma 120.8, nyuzi 80 ziko nje, na kipimajoto cha pili ulichokifunga pembeni kinasema 35. Utapata 0.00016 × 80 × 85.8, yaani 1.1. Ongeza, upate 121.9. Ile "asidi chafu" imekuwa karibu safi bila kuguswa. Kwa naftalini marekebisho haya ni madogo mno kukukosesha usingizi, lakini kwa kemikali za 150 kwenda juu usiyaache.

Kapilari imeingia mafuta, au sampuli imepanda juu

Ncha haikuzibwa. Izibe upya kwa kuishika pembeni mwa mwali, ukiizungusha, na uitazame kwenye mwanga kabla ya kujaza. Sampuli iwe na kimo cha milimita mbili hadi tatu, imeshindiliwa kwa kuidondosha kapilari ndani ya bomba refu la kioo lililosimama mezani. Ikizidi hapo, chini itayeyuka mapema kuliko juu na utaona pengo ambalo halipo. Rababendi inayofunga kapilari ikae juu ya usawa wa mafuta, na ukumbuke mafuta yakipata moto yanapanda.

Kuhusu mafuta yenyewe: parafini ya maji (si mafuta ya taa) inatosha kwa kazi nyingi. Yakianza kutoa moshi, acha. Yakipasuka-pasuka yana maji ndani. Yamwage, chukua mengine makavu, maana tone la maji chini ya mafuta ya nyuzi 150 linarusha mafuta usoni. Miwani si pambo.

Sampuli imepotea kabla haijayeyuka

Imepaa. Naftalini na kafuri huenda hewani moja kwa moja kutoka kwenye ugumu, na utaona ukungu mweupe umeganda juu kwenye sehemu baridi ya kapilari. Ziba kapilari pande zote mbili, na uhakikishe sehemu yote iliyo na hewa iko ndani ya mafuta. Kafuri, ambayo kiwango chake kiko kati ya 175 na 180, bila kuziba usijisumbue kuipima.

Inageuka kahawia, inatoa mapovu

Hiyo haiyeyuki tu, inaoza kwa moto. Sukari ya mezani ni hivyo, aspirini pia kwa kiasi. Kwa vitu hivi namba inategemea umekimbiza vipi, na watu wawili waliokimbiza tofauti watapata majibu tofauti bila yeyote kukosea. Mkubaliane kasi, tumbukiza kapilari mafuta yakiwa tayari nyuzi kumi chini ya kiwango kinachotarajiwa, na kwenye ripoti andika namba ikifuatiwa na neno "inaoza". Mapovu bila kubadilika rangi, hasa karibu na 100, ni jambo jingine: ni maji au kiyeyushi kilichobaki. Rudi kwenye desiketa.

Namba ni ya kitu kingine kabisa

Zile tufe nyeupe za kuwekea nguo zinazouzwa Ngamiani huitwa naftalini zote, ila ndani yake si lazima iwe naftalini. Ikiyeyuka karibu na 80, ni yenyewe. Ikiyeyuka karibu na 53, ni paradaiklorobenzini. Ikiwa haitaki kuyeyuka mpaka 170 na kitu, ni kafuri. Kama hutaki kuwasha moto, chukua glasi mbili, moja ya maji matupu, ya pili ya maji yaliyoshiba chumvi. Kafuri inaelea kwenye maji matupu. Naftalini inazama kwenye maji matupu, inaelea kwenye ya chumvi. Paradaiklorobenzini inazama kote. Kila mara fanya hili kabla hujawapa wanafunzi arobaini tufe za dukani kwa jaribio la kupoza, na mlifanyie penye hewa, mvuke wa vitu hivi si wa kuvutwa.

Yupo mama mmoja wa Chumbageni anayetengeneza mishumaa. Alifika na mfuko wa vipande vyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie. Nimesoma asidi stiariki inaganda kwenye sitini na tisa. Hii yangu hamsini na tano tu. Nimeuziwa feki?"

Tulipoza pale pale mbele yake: ikatulia kwenye 55, ikakaa muda mrefu, ikaganda yote. Haikuwa feki. Asidi stiariki halisi huganda karibu na 69, lakini ile ya biashara inayotumika kwenye mishumaa na sabuni ni mchanganyiko wake na asidi palmitiki, ambayo peke yake iko karibu na 63. Zikiwa karibu nusu kwa nusu, huganda kati ya 54 na 56, chini ya zote mbili. Na kwa kuwa mchanganyiko wa namna hiyo unakaribia kuyeyuka kwa joto moja, pengo lake ni dogo. Hapa ile kanuni yangu ya mwanzo inapata mpaka wake: pengo dogo kwenye namba isiyo sahihi laweza kuwa mchanganyiko uliopatana, si kipimajoto kibaya. Ukiwa na shaka, ongeza kidogo cha asidi stiariki safi, upime tena. Kemikali safi ingebaki ilipo. Mchanganyiko utahama.

"Kwa hiyo mishumaa yangu salama?"

Salama, ila asiiweke kwenye boksi juani.

Ukipoza, grafu haina sehemu bapa

Kupima kuganda ni kinyume cha kuyeyuka: yeyusha kiasi cha kutosha, gramu kumi hivi, weka kipimajoto katikati, soma kila nusu dakika huku ukikoroga, chora. Joto linashuka, linatulia kwenye kiwango cha kuganda, linashuka tena. Hiyo sehemu ya kutulia ndiyo unayoitafuta.

Isipoonekana, mtuhumiwa wa kwanza ni kupoza haraka. Tyubu iliyo wazi chini ya feni inapoteza joto kuliko kuganda kunavyolizalisha. Zima feni. Weka tyubu ya sampuli ndani ya tyubu kubwa zaidi, ili pawe na hewa katikati, na kwa naftalini simamisha zote mbili ndani ya bika la maji ya nyuzi 60. Sehemu bapa itarefuka mpaka uchoke kuitazama. Ni vema, subira ndiyo kazi yenyewe.

Mtuhumiwa wa pili ni kipimajoto kilichogusa ukuta wa tyubu, au kilichokaa juu ya sampuli.

Wa tatu ni uchafu. Uchafu haufuti sehemu bapa, unaiinamisha: badala ya mstari uliolala unapata mteremko wa polepole. Usisome katikati ya mteremko. Refusha mstari huo kurudi nyuma mpaka ukutane na mstari wa kupoa kwa kimiminiko, na pale vinapokutana ndipo kuganda kungeanza.

Joto linashuka chini ya kiwango, kisha linapanda lenyewe

Mwanafunzi akiona hivi hufuta daftari akidhani amesoma vibaya. Hajasoma vibaya. Kimiminiko kimepita kiwango chake bila kuganda, kwa kuwa hakuna fuwele ya kwanza ya kuanzia. Ikishazaliwa moja, kuganda kunatoa joto kwa ghafla, na zebaki inapanda. Kiwango ni pale inapotulia baada ya kupanda. Pale chini kabisa ilipofika si kiwango cha kitu chochote.

Kemikali nyingine zina ukaidi zaidi. Thiosulfati ya sodiamu, ile ya wapiga picha wa zamani, huyeyuka kwenye 48. Ukiiyeyusha kwenye tyubu safi na kuiacha itulie, inaweza kufika joto la chumba chetu, nyuzi 30, ikiwa bado maji. Dondosha punje moja ya fuwele yake, uishike tyubu. Fuwele zinakimbia kutoka kwenye punje kwenda chini, na kioo kinakuwa moto mkononi mwako.

Kuzuia: koroga bila kuacha, kwaruza ukuta wa tyubu kwa kijiti cha kioo, au tupia punje ya kemikali hiyo hiyo joto likiwa nyuzi moja tu chini ya kiwango. Usisubiri zaidi. Kikizama sana chini, na sampuli ni ndogo, joto linalotoka halitoshi kuifikisha juu, na sehemu bapa yako itakuwa chini ya ukweli.

Haigandi kabisa

Tazama kipimajoto cha ukutani kabla ya kumlaumu mtu. Asidi asetiki tupu huganda kwenye 16.6, Tanga mjini chupa yake haitaganda mezani mwaka mzima, na mwanafunzi aliyesoma kwamba "huganda siku za baridi" anaisubiri bure. Mafuta ya nazi yako mpakani, nyuzi 24 hivi: mchana ni maji, alfajiri za kipupwe yanaanza kuwa na ukungu chini ya chupa, na ukiyapeleka Lushoto yanakuwa meupe na magumu, mpaka wateja wa huko wanadhani umechanganya na kitu. Na usitafute namba moja ya mafuta ya nazi. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, kwa hiyo yanaganda polepole katika nyuzi kadhaa. Andika yalipoanza kupata ukungu na yalipokuwa magumu yote.

Kwa vitu vya chini ya joto la chumba, tumia barafu iliyopondwa na chumvi, sehemu tatu kwa moja kwa uzito. Kinadharia inafika -21. Mikononi mwetu, barafu ikiwa imeanza kuyeyuka njiani, -10 hadi -15 ni mafanikio. Kausha nje ya tyubu kila mara. Hewa yetu inaweka umande kwenye kioo baridi kwa sekunde, na tone likiingia ndani ya asidi asetiki litashusha kiwango palepale.

Kipimajoto kimenasa ndani ya sampuli iliyoganda

Usivute, wala usizungushe. Balbu ya zebaki ni kioo chembamba kuliko ganda la yai, na zebaki ikimwagika utafunga chumba, utafungua madirisha, na utaokota matone kwa karatasi ngumu kuyatia kwenye chupa yenye mfuniko badala ya kufagia. Rudisha tyubu kwenye maji ya moto yaliyo nyuzi kumi juu ya kiwango cha kuyeyuka, uiache. Ukingo utalainika kwanza. Subiri mpaka yote yawe maji, ndipo utoe kipimajoto na ukifute kikiwa bado cha moto.